Taulo laini, kavu na la mtu mmoja: jinsi ya kutunza mataulo ya nyumbani

Ninapotembelea kaya, huomba nionyeshwe mahali familia inapoogea. Mara nyingi nakuta msumari mmoja ukutani na mataulo mawili yameshindiliwa hapo, lote la juu na la chini mabichi. Moja ni la watoto wote. Mama anasema amelifua jana, na ni kweli, bado linanukia sabuni. Lakini ukilishika ni gumu kama gunia, na likilowa tu linatoa uvundo.

Wengi huona hilo ni jambo la anasa: taulo laini ni la hotelini, la nyumbani linatosha likikausha mwili. Kwa kweli ugumu na uvundo ni dalili. Vinakuonyesha kuwa sabuni imebaki ndani ya nyuzi na kwamba taulo halikauki vizuri. Na taulo bichi linalotumiwa na watu wengi linaweza kupitisha magonjwa ya macho na ngozi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Huhitaji mashine wala dawa ya bei ghali kulirekebisha.

Kwa nini taulo hukakamaa na kunuka?

Taulo la pamba lina vinyuzi vingi vilivyojikunja, ndivyo vinavyonyonya maji. Mambo matatu huviharibu:

- Sabuni nyingi. Wengi wetu hupima sabuni kwa povu. Sabuni isiyotoka wakati wa kusuuza hubaki kwenye nyuzi, hunasa mafuta ya mwili na ngozi iliyokufa, na kuwa chakula cha bakteria.
- Maji magumu. Maji ya visima vingi yana madini mengi. Sabuni ya kipande ikikutana nayo hutengeneza utando mweupe unaoganda kwenye kitambaa.
- Unyevu. Taulo likikaa bichi kwa saa nyingi, bakteria na ukungu huongezeka. Hapo ndipo uvundo unapotoka.

Dawa ya kulainisha nguo haiondoi tatizo. Hupaka nyuzi utando wake, taulo likawa laini mkononi lakini lisikaushe mwili vizuri.

Jipime kwanza: chukua taulo unaloliona ni safi, liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na ulikoroge bila sabuni. Maji yakitoa povu au yakiwa na ukungu mweupe, hukusuuza vya kutosha.

Hatua za kufua

1. Fua mataulo peke yake, usichanganye na nguo za ndani wala matambara ya jikoni. Taulo jipya lifue kabla ya kulitumia.
2. Kwa ndoo ya lita 10, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga vinatosha. Koroga iyeyuke kabla ya kutia taulo. Maji yako yakiwa magumu, sabuni ya unga ni bora kuliko ya kipande.
3. Loweka kwa nusu saa. Usilaze taulo kwenye maji usiku kucha, litaamka na harufu.
4. Fikicha, kamua, kisha suuza kwa maji safi mara mbili au tatu, ukikamua kila mara. Acha pale maji yanapotoka bila povu na taulo haliteleziki mkononi.
5. Kung'uta kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kuanika. Taulo likikauka limetulia, nyuzi hushikamana na kuwa ngumu. Likung'ute tena likiwa nusu kavu, na mara ya mwisho unapolianua.

Taulo la kuogea lifuliwe baada ya kutumika mara tatu au nne. Kitambaa cha uso na taulo la kufutia mikono vifuliwe mara nyingi zaidi, hata kila siku ikiwezekana.

Siki kwa taulo lililokwisha kakamaa

Mara moja kwa mwezi, baada ya kusuuza, tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye lita 10 za maji. Loweka taulo kwa dakika kumi, kisha suuza kwa maji matupu. Siki huyeyusha madini na mabaki ya sabuni. Harufu yake huisha taulo likikauka.

Tahadhari: usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu inayoumiza mapafu.

Kukausha

Anika asubuhi, juani, taulo likiwa limetandazwa lote bila kukunjwa mara mbili. Jua na upepo hupunguza vijidudu bure. Baada ya kuoga pia, usilirundike taulo msumarini. Litandaze kwenye kamba.

Usianike kwenye majani wala ardhini. Katika sehemu nyingi za Afrika yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye kivuli. Viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi na kuleta uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati. Taulo lililokauka kivulini lipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa la mtoto mchanga.

Wakati wa masika, fua taulo mojamoja badala ya yote kwa siku moja, na funga kamba karibu na dirisha lililo wazi. Usikaushe taulo kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaweza kuua familia ikiwa usingizini.

Kila mtu na taulo lake

Macho mekundu yenye matongotongo huenea haraka kupitia mikono, vitambaa na mataulo. Vivyo hivyo trakoma, ambayo wengi huita vikope, iliyojulikana kwa miaka mingi katika maeneo makavu kama Kongwa mkoani Dodoma. Mtu akiambukizwa tena na tena, kope hugeukia ndani, hukwaruza jicho, na mwisho huweza kumpofusha. Fangasi wa ngozi nao hupita kwenye taulo.

Kama kipato hakiruhusu mataulo makubwa, kata taulo moja vipande vinne na ushone kingo. Kila mtoto apate kipande chake, na ushone uzi wa rangi tofauti kwenye kila kimoja. Hata asiyejua kusoma atalijua lake. Pasipo kitambaa safi, ni heri mtoto akaushe uso na mikono kwa hewa.

Ugonjwa ukiingia nyumbani

Upele huambukizwa zaidi kwa ngozi kugusana, kama watoto wanaolala pamoja, lakini vitambaa vilivyotumiwa na mgonjwa vinaweza kuurudisha. Ndiyo maana watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja, na mataulo, mashuka na nguo walizotumia siku tatu zilizopita hufuliwa siku hiyo hiyo.

Tumia maji ya moto. Ukitia maji ya bomba kisha maji yanayochemka kwa kiasi sawa, utapata joto la karibu nyuzi 60. Zamisha mataulo, funika, acha kwa dakika 15, halafu fua kama kawaida. Weka watoto mbali na ndoo hiyo. Kisichoweza kufuliwa, kifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu au zaidi. Wadudu wa upele hawadumu muda huo bila ngozi ya mtu.

Nenda kituo cha afya ukiona:

- jicho jekundu lenye maumivu, usaha, au uoni uliofifia
- mtoto mchanga mwenye matongotongo mengi
- mwasho unaozidi usiku, hasa wakiwashwa zaidi ya mmoja nyumbani
- vidonda vyenye usaha, au uvimbe wenye tundu (usiukamue mwenyewe)

Kufua hakuchukui nafasi ya dawa. Lakini dawa nazo hushindwa pale mtoto aliyepona anapofutwa uso kwa taulo lile lile la jana. Leo, kabla ya kulala, shika kila taulo la nyumbani kwako. Lililo bichi, litandaze.