Nani atabonyeza kitufe?

Nimepotea kidogo, mnisamehe bure. Mitihani, vumbi, na lile jua la Dodoma la mwezi wa kumi ambalo halina rafiki. Leo nawaletea historia, maana kuna jambo limenikaa rohoni na kila nikilifikiria najikuta nimerudi mwaka 1974.

Mnaijua ile televisheni ya ukumbi wa bweni letu. Ndani ya kabati chini yake kuna kompyuta kuukuu niliyoomba mwenyewe niitunze. Kazi yake ni kurusha kwenye televisheni matangazo, video za masomo, na usiku filamu moja ya kuwatuliza watu. Wiki ya mitihani umeme ukakatika saa nane usiku, ukarudi saa kumi. Asubuhi skrini nyeusi tii. Tangazo kwamba mtihani wa mchana umesogezwa hadi saa tatu asubuhi lilikuwemo, ila limelala ndani ya kompyuta. Dada mmoja wa bloku yetu, simu yake haina chaji, alikuwa akiitegemea skrini ile. Alifika ukumbini saa tano. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na ningependa angenigombeza.

Sasa turudi nyuma. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye kompyuta zikavurugika vibaya, hasara ikaonekana, watu wakarudi kwenye njia za zamani. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu yahamie huku kwetu Dodoma. Mwaka uliofuata ikatoka amri ya serikali kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta za kielektroniki na seti za televisheni. Soma tena hapo: vyote viwili, amri moja! Kompyuta kwa sababu ilikuwa imewaunguza vidole, televisheni kwa sababu ilionekana anasa ya wachache wa mjini inayokula fedha za kigeni. Kumbe wenzetu Zanzibar, miaka hiyohiyo, wanafungua TVZ, tena ya rangi.

Mi siwacheki wazee wale. Nchi yenye vijiji visivyo na maji ina haki ya kujiuliza skrini ni ya nani. Ila marufuku ilikuwa na bei yake: watu wa bara waliokua miaka ile wengi hawakuwahi kugusa hata kimoja kati ya vitu hivyo viwili. Kamba ikalegezwa taratibu miaka ya 1980, ikaja sheria ya utangazaji ya 1993, na mwaka 1994 vituo binafsi kama ITV vikaanza kurusha Dar. Kwa hiyo mimi kuunganisha kompyuta na televisheni kwa waya mmoja, bwenini Dodoma, ni kukutanisha wafungwa wawili wa kesi moja. (Najua nimejisifu, endeleeni kusoma.)

Haya, kwa nini haikuwaka? Hapa kuna historia nyingine ambayo hakuna anayeisimulia. Kompyuta za zamani zilikuwa na swichi ya kweli, ile ya "tak!", inayokata njia ya umeme. Umeme ukikatika swichi inabaki imewashwa, ukirudi mashine inaamka yenyewe. Televisheni za kubonyeza kitufe kigumu zilikuwa hivyohivyo, waulizeni wazazi wenu walivyoshtuka usiku wa manane taarabu ikilia sebuleni. Mwaka 1995 Intel wakaleta muundo wa ATX, na kitufe kikawa laini: kinaiomba tu mashine iwake. Umeme ukirudi, mashine nyingi zinasubiri mtu aombe tena. Waliobuni nadhani waliishi mahali ambapo umeme ukikatika ni habari ya gazeti.

Huku kwetu si habari. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, kisha Mtera penyewe pakawekwa mitambo ya megawati 80. Ukame ulipokausha bwawa, nchi nzima ikaingia mgao, na mgao wa mwaka 2006 wakubwa zenu wanaukumbuka vizuri. Mvua ilipokosekana, skrini zilizimika hadi Dar.

Na programu ninayotumia, ile yenye nembo ya koni ya barabarani, VLC, nayo ilizaliwa bwenini! Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris walitaka mtandao wa chuo wenye kasi zaidi, na inasemwa bila aibu kwamba sababu mojawapo ilikuwa michezo ya kompyuta. Ili wapate wa kuwalipia, wakaja na wazo la kurusha televisheni ya setelaiti kupitia mtandao hadi vyumbani. Upande mmoja seva, upande wa pili programu ya kupokea, ndiyo hiyo VLC. Mwaka 2001 wakaitoa huru kwa dunia nzima. Wanafunzi kama sisi, ila wao hawakuwa na Mtera kichwani.

Basi nikaanza kuitengeneza. Kwanza niliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, nikaiamuru iwake umeme ukirudi. Nikachomoa waya, nikachomeka: ikawaka, ikasimama kwenye nywila. Nikaiondoa nywila. Ikafika mwisho, VLC haijafunguka, nikaiweka kwenye folda la vitu vya kuanzia, lile la tangu Windows 95. Ikafunguka. Nikashangilia peke yangu kama mwehu.

Usiku wa tatu umeme ukaondoka tena. Alfajiri mlinzi wa zamu akanigongea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mtambo wako umelala tena."

Nikashuka na kandambili. Mipangilio yote imefutika, saa ya mashine inasema tarehe moja Januari 2002. Kumbe ile betri ndogo ya duara kwenye bodi, ya kukumbuka saa na amri umeme usipokuwepo, ilikuwa imekufa. Siku zote nahangaika na programu, na kilichosahau ni betri ya ukubwa wa sarafu! Nimenunua mpya mjini, kwa fundi wa saa.

Jana jioni nilizima swichi kuu ya ukumbi watu wakiangalia mpira, wakanizomea vya kutosha. Nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Kompyuta ikaamka, VLC ikafunguka, ratiba ikaanza kuzunguka. Televisheni yenyewe, ya kisasa hii, ikabaki na kile kitaa chake chekundu, inasubiri rimoti.

Rimoti nimemkabidhi mzee wa zamu. Yule dada atarudia mtihani wake Septemba, na kwa sasa namsaidia hesabu kila Jumanne. Umeme umeanza kucheza hapa, naituma hii kabla