Mkwaruzo wa Kanyenye

Ndugu zangu mliosoma Tabora, nanyi vijana mliomo madarasani hivi sasa, salaam.

Mji wetu umezoea kungoja habari. Dk. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao walipita hapa Unyanyembe na maiti yake, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Reli ilipotufikia mwaka 1912, safari ya miezi ikawa ya siku. Matangazo ya redio yakaanza Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu hapo adui hakuwa umbali tena, bali mkwaruzo.

Mwaka 1978 nilikuwa nimekwisha maliza shule, naishi kwa baba, Kanyenye. Kaka yangu alikuwa jeshini. Majeshi ya Amin yalikuwa yameingia Kagera, nasi kila jioni tuliizunguka redio yetu ya betri. Giza likiingia tu, krrrr! Hata maneno ya Mwalimu ya Novemba 2 (naye ni mwenzetu, 1937 hadi 1942) tuliyapata vipande vipande. Baba akamshuku jirani, fundi mwenye cherehani ya umeme. Tuhuma hiyo haikuwa ya kijinga, kwani mota yenye brashi hutoa cheche, na cheche hurusha mawimbi. Wakaacha kusalimiana.

Nikamwendea mzee mmoja aliyewahi kumsaidia Mzungu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani mtu azungumzaye hewani na wenzake wa mbali kwa mapenzi tu, bila malipo. Enzi za Mwingereza alama zao hapa Tanganyika zilianza na VQ3. Baada ya Uhuru zikawa 5H3. Hao ni mabingwa wa kusaka mikwaruzo, maana sauti wanazozitafuta ni hafifu mno, na majirani huwalaumu kila redio ikikoroma.

"Mmekwisha zima swichi kubwa ya nyumba yenu?" akauliza.

"Bado, mzee."

Akacheka. Akachukua redio ndogo, akaifungulia masafa ya kati. Ndani yake mna kijiti cha feraiti kilichozungushiwa waya. Ncha yake ikielekea kwenye chanzo, kelele hufifia. Tukapima uani, kisha tukavuka barabara tukapima tena chini ya mwembe. Mistari miwili ikakutana kwenye baraza yetu wenyewe! Ilikuwa taa ya tyubu, stata yake imechoka. Tukazima swichi kubwa, na Dar es Salaam ikasikika kama iko chumbani. Siku hizi wakorofi ni balbu za LED, chaja za simu na vidhibiti vya sola, lakini njia ya kuwasaka ni ileile, vijana jaribuni.

Baba alikaa kimya. Kisha akavaa kanzu, akaenda kwa fundi. Sikusikia waliyosemezana. Alirudi usiku na suruali yake, iliyokuwa imekaa huko wiki tatu bila kushonwa.

Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, fundi alikuwa ameketi barazani kwetu, chini ya taa yenye stata mpya.