Dari lililotuletea sauti ya Dar na kutuzibia sauti za nyota

Wiki ya majaribio imeisha huku chuo, kichwa kimepumua. Leo naandika historia, ila ina fizikia kidogo, msikimbie!

Kwetu Izimbya wazee wanajua kuwa redio ya masafa mafupi inakamata vizuri giza likiingia. Wengine wanasema eti ni kwa sababu watu wamelala, kelele zimepungua. Hapana jamani. Kuanzia kama kilomita 60 juu yetu, jua linapasua chembe za hewa na kuacha elektroni zikizagaa. Tabaka hilo ndilo ionosfia. Mchana sehemu yake ya chini inameza mawimbi. Usiku sehemu hiyo inapotea, na ile ya juu, kwenye kilomita 300 hivi, inayarudisha ardhini kama mpira uliogonga dari.

Ndiyo maana sauti ya Radio Tanzania iliweza kuruka kutoka Dar hadi kwetu, kama kilomita 1,000. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia mkoa wetu, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita kupitia redio. Kwa mtu wa Kagera, habari za redio siku zile zilikuwa ni kuhama au kubaki.

Lakini dari hilohilo linaziba. Mwaka 1932 Karl Jansky, mhandisi wa maabara za Bell, Marekani, alikuwa anatafuta chanzo cha kelele zinazosumbua simu za kuvuka Atlantiki. Kwenye megahezi 20.5 akakuta mchakacho unaorudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Maana yake unafuata nyota, sio jua! Ulitoka kwenye galaksi yetu, na hapo astronomia ya redio ikazaliwa. Sasa ukishuka chini ya megahezi 10 hivi, mawimbi mengi ya nyota yanagonga ionosfia kwa juu na kurudi yalikotoka. Mwenzake Grote Reber alihamia Tasmania mwaka 1954 kwa sababu usiku wa kipupwe huko tabaka hilo linakuwa jepesi, mawimbi yanapenya.

Mimi nikienda mazoezi ya kufundisha, mada ya mawimbi nitaianza na redio ya babu, mchoro wa kitabu utafuata. Mtoto wa Kagera ajue kuwa habari za vita zilifika kijijini kwake kwa msaada wa jua.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.