Jua, Makaburi na Matenga ya Samaki

Vijana wenzangu wa kalamu, nani kati yetu hajawahi kupigwa picha bustanini? Mpiga picha anakwambia, "Egemea huo mti, mkono mmoja kiunoni, tazama huku." Yeye hana studio, nawe huna hela ya studio, basi mti unageuka studio. Wengi hudhani huo ni umaskini wetu tu. Kumbe baadhi ya picha za sura zinazoheshimiwa mno duniani zilipigwa hivyo hivyo: nje, juani, kwa kuegemea chochote kilichopo.

Turudi nyuma hadi Edinburgh, Uskoti, mwaka 1843. Mwezi Mei mwaka ule, wachungaji zaidi ya 400 walijitenga na kanisa la nchi yao, wakaacha mishahara na nyumba, kwa sababu hawakutaka matajiri wenye ardhi wawachagulie waumini mchungaji. Mchoraji mmoja, David Octavius Hill, aliguswa sana. Akaazimia kuwachora wote katika picha moja kubwa. Lakini utachoraje sura za mamia ya watu kabla hawajatawanyika? Mwanasayansi David Brewster akamwelekeza kwa kijana wa miaka 22, Robert Adamson. Huyu alikuwa na ndoto ya uhandisi, ila afya yake ilikuwa mbovu. Akajifunza ufundi mpya wa kalotaipu, uliobuniwa na Mwingereza William Henry Fox Talbot, wa kunasa picha kwenye karatasi iliyotiwa dawa zenye madini ya fedha.

Sasa sikia kazi ilivyokuwa. Karatasi ile ilikuwa nzito kushika mwanga. Taa ya umeme hakuna. Ilibidi mtu akae juani ametulia tuli, pengine dakika nzima au zaidi. Akitikisika, sura imevurugika. Hivyo Hill na Adamson walitoa viti, meza, vitabu na mapazia hadi uani kwao, Rock House, kwenye kilima cha Calton. Ukizitazama baadhi ya picha zile utaapa mtu yuko sebuleni, kumbe yuko nje na upepo unampuliza!

Lakini hawakuishia kwenye kuigiza sebule. Wakaenda kwenye makaburi ya Greyfriars, wakawaweka watu kando ya minara ya mawe iliyochongwa. Jiwe lilimsaidia mtu kuegemea asitikisike. Hapo ndipo penye utamu wa mambo: kilichoanza kama shida ya ufundi kikageuka maana. Mtu hai aliyeegemea kaburi anasema jambo ambalo ukuta mtupu hauwezi kusema.

Kisha wakateremka hadi Newhaven, kijiji cha wavuvi kando ya bahari, karibu na mji. Wanaume walivua, wanawake walibeba matenga ya samaki mgongoni wakaenda kuchuuza Edinburgh. Hill na Adamson hawakuwavika nguo za kuazima. Mvuvi aliitwa Linton. Akapigwa akiwa na mashua yake na watoto. Akina mama wakapigwa na matenga yao. Mashua na tenga havikuwa mapambo, bwana. Ndiyo maisha yenyewe. Wakati ule sura iliyostahili kuchorwa ilikuwa ya bwana mkubwa. Hawa wawili waliwapa wachuuzi wa samaki heshima ile ile waliyowapa wachungaji na wasomi.

Mwaka 1844 walitangaza kwamba watatoa vitabu vya picha, kimojawapo kuhusu wavuvi hao. Mfululizo ule haukutoka kama ulivyotangazwa. Nyie mlio na miswada chini ya godoro mnaelewa maumivu hayo. Januari 1848 Adamson akafariki, ana miaka 26 tu. Katika miaka isiyotimia mitano, wawili hao walikuwa wameacha picha zipatazo 3,000. Si mchezo! Hill alikuja kuimaliza ile picha yake kubwa mwaka 1866. Lakini leo anayemkumbuka Hill humkumbuka zaidi kwa zile karatasi za juani, ambazo mwanzo zilikuwa msaada tu wa kuchorea.

Mwaka 1931 Mjerumani Walter Benjamin aliandika kuhusu picha ya mchuuzi wa samaki wa Newhaven. Hoja yake ni hii: uzuri wa ufundi haumalizi kila kitu, bado ndani ya picha kuna mtu anayedai tujue jina lake, yeye aliyeishi kweli. Mmoja wa akina mama wale leo anatambulika: Elizabeth Johnstone Hall. Wengine wengi wamebaki na tenga bila jina.

Hapo ndipo sisi waandishi tunapohusika. Hadithi zetu nyingi zina mhusika anayeelea hewani: "kijana mrefu, mweupe, mtanashati". Anaegemea nini? Mikononi ana nini? Mama muuza vitumbua ukimtoa kwenye jiko lake, moshi na sufuria, umebaki na nani? Lakini tusiishie kwenye moshi pia, maana vitu bila jina humfanya mtu awe pambo la mahali. Mpe mahali pake, halafu muulize anaitwa nani. Jua lipo kila siku, na halitozi kiingilio.