Uvujaji wa maji katika kituo cha Fukushima Daiichi (Aprili 2011)

Uvujaji wa maji katika kituo cha Fukushima Daiichi ulitokea mwanzoni mwa Aprili 2011 kwenye kituo cha umeme wa nyuklia kilichopo pwani ya mashariki ya Japani. Maji yenye unururifu mkali yalitiririka kutoka eneo la tanuri namba 2 hadi Bahari ya Pasifiki. Yalizuiwa tarehe 6 Aprili, baada ya njia kadhaa za dharura kushindwa.

Chanzo

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 9.0 na tsunami iliyofuata vilikiacha kituo bila umeme wa kupoza matanuri. Fueli ya matanuri namba 1, 2 na 3 iliyeyuka. Wafanyakazi walilazimika kuingiza maji mfululizo ili kuipoza. Maji hayo yalichafuliwa na fueli, yakavuja hadi vyumba vya chini vya majengo na kuingia katika mahandaki ya mabomba na nyaya.

Tarehe 2 Aprili kampuni ya TEPCO, yenye kituo hicho, iligundua ufa wa takriban sentimita 20 katika shimo la nyaya karibu na bahari. Mionzi ndani ya shimo ilizidi milisiverti 1,000 kwa saa. Kikomo cha dharura cha mfanyakazi kilikuwa milisiverti 250, kiwango ambacho angekifikia hapo kwa dakika 15 tu.

Majaribio ya kuziba

* Zege: lilimwagwa shimoni tarehe 2 Aprili, lakini maji hayakukoma.
* Polima, unga wa mbao na magazeti: tarehe 3 Aprili polima inayofyonza maji na kuvimba ilitiwa pamoja na unga wa mbao na vipande vya magazeti. Mtiririko haukupungua.
* Rangi: tarehe 4 Aprili unga mweupe wa kutia rangi maji ya kuogea ulimwagwa ili kufuata njia ya maji. Rangi haikuonekana kwenye ufa, hivyo ilidhaniwa kuwa maji yalipita katika kokoto chini ya handaki.
* Silikati ya natiri: tarehe 5 Aprili mashimo yalitobolewa na kimiminiko hiki, ambacho hugeuka kigumu, kikaingizwa kwenye kokoto. Asubuhi iliyofuata maji yaliacha kutoka.

Matokeo

TEPCO ilikadiria kwamba takriban tani 520 za maji ziliingia baharini. Kuziba ufa hakukuondoa maji yenyewe: yaliendelea kujaa mahandakini na ilibidi yahamishwe kwa pampu. Mitambo ya kuyasafisha ilianza kazi Juni 2011. Ili kupunguza maji ya ardhini yanayoingia katika majengo, ukuta wa udongo uliogandishwa, wenye urefu wa takriban kilomita 1.5, ulianza kutengenezwa kuzunguka matanuri. Ugandishaji wake ulianza Machi 2016.