Dakika ya 77

Kuna habari moja niliiandika vibaya miaka ile naanza kazi, na mpaka leo haijanitoka. Hakuna aliyelalamika. Mhariri aliipitisha na gazeti likatoka. Ilikuwa habari ya sentensi nne kuhusu Liverpool kutoka sare ya 2-2 na Sunderland, Jumamosi ya tarehe 6 Februari 2016. Nilitaja wafungaji, dakika za mabao, na kwamba kocha Jürgen Klopp hakuwepo kwa sababu ya ugonjwa. Nikalala usingizi wangu vizuri kabisa.

Mechi yenyewe niliitazama Tandika, kwenye banda umiza, kiingilio jero. Ilianza saa 12 jioni kwa saa zetu. Liverpool walikuwa wanaongoza 2-0, Firmino dakika ya 59 na Lallana dakika ya 70, na banda zima lilikuwa limetulia kwa raha, wengine wameshaanza kuhesabu hela za mikeka yao. Mara kamera ikageuka jukwaani. Watu wanainuka. Si wawili watatu wanaowahi usafiri, ni safu kwa safu, jukwaa la Kop likibaki na viti vitupu vyekundu. Ilikuwa dakika ya 77.

“Wanakwenda wapi hawa?” mtu akauliza.

Hakuna aliyejua. Dakika tano baadaye Adam Johnson akapiga mpira wa adhabu, bao. Dakika ya 89 Jermain Defoe akasawazisha. Banda likalipuka. Mikeka imechanika, na wa kulaumiwa wameshapatikana: wale walioondoka. Wameiachia timu laana. Wazungu wana raha sana, wana tiketi mkononi na wanatoka wakati tunaongoza! Mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele kuliko wote. Ningepewa kiti kimoja pale Anfield, nilisema, ningekaa mpaka wanizimie taa.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, Yanga wa damu, ndiye pekee aliyesema tofauti. “Wanangu, nyie mmelipa jero hapa. Ulizeni kwanza wao wamelipa shilingi ngapi.”

Tulimcheka. Niliandika sentensi zangu nne na suala la tiketi sikuliweka hata moja. Lakini swali la mzee lilikuwa ndilo habari yenyewe.

Siku nne kabla ya mechi ile klabu ilikuwa imetangaza bei za msimu unaofuata. Jukwaa kuu la Anfield lilikuwa linajengwa upya, na kiti cha bei ya juu kabisa ndani yake, ambacho wakati huo kilikuwa pauni 59, kingekuwa pauni 77. Kwa hesabu ya shilingi za siku zile ni karibu laki mbili na nusu, kwa mechi moja. Kwa mara ya kwanza kungekuwa na tiketi ya msimu inayozidi pauni 1,000. Klabu ilijitetea kwamba kulikuwa pia na tiketi za pauni 9 na kwamba bei nyingi hazikupanda. Mashabiki waliona hesabu nyingine: ukishakubali 77 kwa wachache leo, kesho hiyo ndiyo bei ya kila mtu. Wakapanga kuondoka dakika ya 77. Inakadiriwa watu 10,000 walitoka, kwenye uwanja uliokuwa na zaidi ya 40,000.

Sasa, kinachonivutia si bei peke yake. Ni kwamba jambo hili lilitokea wakati mashabiki walewale walikuwa wamepewa kile wanachokitaka kuliko vyote.

Miezi minne nyuma, tarehe 4 Oktoba 2015, Brendan Rodgers alitoka sare ya 1-1 na Everton, na kabla jioni haijaisha kibarua chake kikawa kimeota nyasi. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo alikuwa amekaribia kuchukua ubingwa. Kisha Suárez akauzwa Barcelona, msimu uliofuata ukaishia na kipigo cha 6-1 kule Stoke, na mjadala wa kocha ukawa ndio mjadala pekee. Aondoke, asiondoke. Siku nne baada ya kutimuliwa kwake Klopp akatangazwa. (Siku ileile ya Rodgers, Dick Advocaat naye aliachia ngazi Sunderland, na nafasi yake ikachukuliwa na Sam Allardyce. Kwa hiyo mechi ya Februari ilikutanisha timu mbili zilizobadilisha kocha wikiendi moja. Hili nalo sikuliandika.)

Ujio wa Klopp tuliusherehekea hata sisi wa Tandika kana kwamba amekuja kwetu. Na yeye alianza mara moja kushughulika na jukwaa. Tarehe 8 Novemba Crystal Palace walipopata bao la pili dakika ya 82 na kuongoza 2-1, watu wengi walianza kuondoka. Klopp alisema baadaye kwamba alijisikia mpweke kuwaona wakitoka muda wote ule ukiwa umebaki. Mwezi uliofuata, baada ya sare ya 2-2 na West Brom iliyopatikana dakika za nyongeza, aliwashika mikono wachezaji wake na kuwapeleka mbele ya Kop kushukuru, na wapinzani wakamcheka: sare na West Brom inashukuriwa? Lakini ujumbe ulikuwa unaeleweka. Mkikaa, tutawapa kitu.

Halafu Februari wanaondoka kwa makusudi, wanaongoza, huku kocha wao mpendwa akiwa hospitali anafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo.

Nilipoanza kusoma historia ya klabu hii ndipo nilipoona nilivyokuwa sielewi kitu. Sisi mashabiki wa mbali tunadhani mjadala wa kocha na mjadala wa kiingilio ni vitu viwili tofauti: mmoja wa mpira, mwingine wa mifuko. Pale Anfield vimekuwa vikitembea pamoja tangu zamani, na ugomvi wa hela ulitangulia. Hapo mwanzo Anfield ulikuwa uwanja wa Everton. Walicheza pale kuanzia 1884 kama wapangaji, na John Houlding, mfanyabiashara wa bia na mwanasiasa wa mji ule, akapandisha kodi. Wakagombana, Everton wakahama 1892, na Houlding akabaki na uwanja usio na timu. Akaunda timu. Ndiyo Liverpool hiyo. Klabu ilizaliwa kwa sababu kuna watu waliambiwa bei imepanda, nao wakatoka.

Houlding alikuwa na baa karibu na uwanja, inaitwa The Sandon, ambako wachezaji wa Everton walikuwa wakibadilishia nguo. Baa hiyo ipo. Mwishoni mwa Januari 2008 mashabiki mia kadhaa walijazana humo kwa hasira nyingine. Wamiliki wa wakati ule, Wamarekani Tom Hicks na George Gillett, walikuwa wameinunua klabu mwaka mmoja kabla, madeni yalikuwa yanapanda, na Hicks alikuwa amekiri kwamba walizungumza na Jürgen Klinsmann kuhusu kuchukua nafasi ya Rafael Benítez, kocha aliyewapa Kombe la Ulaya kule Istanbul 2005 na ambaye bado alikuwa kazini. Kwenye mkutano ule ndipo kilipoanzia chama cha mashabiki kinachoitwa Spirit of Shankly, jina la Bill Shankly aliyeifundisha timu kuanzia 1959 hadi 1974. Chama kilichozaliwa kumtetea kocha na kupewa jina la kocha ndicho kilichokuja kuwa mmoja wa wapangaji wa dakika ya 77. Walianza kwa kuuliza nani anaamua kocha afukuzwe. Ukiliuliza swali hilo kwa muda mrefu lazima utafika kwenye nani anaamua mimi niingie au nisiingie.

Na swali la kuingia, Liverpool, lina kaburi ndani yake. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wao walikandamizwa kwenye jukwaa la kusimama kule Hillsborough, Sheffield, na idadi ya waliokufa leo inahesabiwa kuwa 97. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ikataka viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu. Taylor hakusema bei ipande. Alitoa hata mfano wa Ibrox, uwanja wa Rangers kule Scotland, ambako kukaa ilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4. Aliona inawezekana kumkalisha mtu bila kumfukuza kwa bei. Msimu huo wa 1989/90 tiketi ya chini pale Anfield ilikuwa pauni 4. Kisha Ligi Kuu mpya ikaanza 1992, hela za televisheni zikaingia, na Kop ikawekwa viti baada ya mechi ya mwisho ya kusimama, Aprili 1994. Kutoka pauni 4 mpaka kufikiria 77 ni miaka 26. Sijui mshahara gani wa bandarini umepanda hivyo.

Hapa ndipo habari inapofika mpaka Tandika. Mechi ile ilichezwa saa 9 alasiri ya Jumamosi kwa saa za Uingereza. Kule kuna utaratibu wa tangu miaka ya 60 kwamba mechi za saa hiyo hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni ya ndani, ili watu waende viwanjani, hasa vya timu ndogo. Maana yake mkazi wa mtaa wa Anfield asiye na hela ya tiketi hakuruhusiwa kuiona mechi ile. Anasikia kelele kwa dirisha. Mimi, kilomita elfu kadhaa mbali, niliiona kwa jero.

Na jero yangu haikuishia kwa mwenye banda. Yeye analipia king'amuzi, king'amuzi kinalipa ligi, ligi inalipa klabu. Mkataba wa televisheni wa 2016 hadi 2019, kwa Uingereza peke yake, ulikuwa pauni bilioni 5.136, na nchi nyingine zikaongeza mabilioni yao juu. Hoja kubwa ya mashabiki waliotoka ilikuwa hiyohiyo: klabu zinapata hela zote hizi, pauni chache za mlangoni zina kazi gani zaidi ya kutuchagulia nani aingie? Kwa hiyo wakati nawatukana, wao walikuwa wanainua hela yangu kama ushahidi.

Lakini sipendi kujidanganya. Kuna upande wa pili. Wenye klabu wanaweza kupandisha bei bila hofu kwa sababu wanajua nje ya mlango wamejaa watu kama mimi, ambao wangelipa 77 hata mara moja tu katika maisha, wapige picha, wanunue skafu. Wa mtaani akisusa, mtalii anakaa. Kile kiapo changu cha kukaa mpaka wazime taa kilikuwa ndicho silaha yao. Na kocha mzuri anaifanya silaha hiyo iwe kali zaidi, maana timu ikishinda foleni ya watalii inarefuka. Ndiyo maana nawaheshimu sana waliotoka: walikuwa wanampenda Klopp kuliko nilivyompenda mimi, na hawakukubali mapenzi hayo yatumike kuwaongezea bili.

Klopp mwenyewe alitoka mahali ambapo haya yanajulikana. Dortmund, timu aliyoiacha, ina jukwaa la watu kama 25,000 wanaosimama, kwa bei ya chini ukilinganisha na Uingereza. Siku tatu baada ya dakika ya 77, mashabiki wa Dortmund walikwenda Stuttgart kwa mechi ya kombe, wakakaa nje dakika za mwanzo, kisha wakaingia na kurusha mipira ya tenisi uwanjani. Walikuwa wanalalamikia bei ya tiketi.

Tarehe 10 Februari wamiliki wa Liverpool, Fenway, waliandika barua ya kuomba radhi. Pauni 77 ikafutwa, kiti cha juu kikabaki 59, bei zikafungwa kwa misimu miwili. Mwezi uliofuata Ligi Kuu ikakubali kwamba shabiki wa timu ngeni asilipishwe zaidi ya pauni 30 popote. Sare moja ya 2-2, pointi mbili zimepotea. Waulize leo walioondoka kama wanazijutia.

Miaka minane ikapita, makombe yakaja. Januari 2024 Klopp akatangaza kwamba anaondoka mwisho wa msimu, na mjadala wa kocha ukarudi kwa kishindo, nani anafaa, nani hafai. Katikati ya mjadala huo klabu ikapandisha tiketi kwa asilimia 2. Tarehe 11 Aprili, robo fainali ya Europa League na Atalanta, Kop ilikuwa tupu bila bendera zake. Wenye bendera walikuwa wamegoma kuzitundika.

Niliitazama bandani tena, saa 4 usiku, safari hii kiingilio buku. Kijana wa pembeni yangu aliangalia kioo, akaangalia tena. “Bro, mbona leo bendera hamna? Au ndiyo wanamuaga kocha?”

Nikamwambia hapana, ni tiketi. Akacheka kama nilivyocheka mimi. Nikaanza kumsimulia habari ya The Sandon na kodi ya Houlding, nikiwa nimejipanga kweli safari hii, na nilikuwa bado sijatoka 1892 Scamacca alipofunga la kwanza.