Tsavo: Kutoka Misafara ya Pembe hadi Pete za Ndege

Historia ya Tsavo, nchi kavu ya vichaka, mibuyu na udongo mwekundu iliyo kati ya Mombasa na Nairobi, mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilianza Aprili 1948, serikali ya kikoloni ilipoitangaza kuwa hifadhi ya taifa, ilhali njia, visima na maarifa ya pori ambayo watalii waliyakuta huko yalikuwa yamekwisha kutumika kwa vizazi kadhaa na watu waliopita kwa haja nyingine kabisa. Kwanza ilitafutwa pembe ya ndovu, baadaye vichwa vya wanyama vya kutundikwa ukutani, kisha picha, na hatimaye ndege, ambao msafiri wa kwanza aliwapita bila kuwatazama isipokuwa alipotaka kitoweo. Katika kila awamu aliyeijua nchi alikuwa mwenyeji, na aliyebaki katika maandishi alikuwa mgeni.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 biashara ya pembe kati ya bara na Mombasa ilikuwa zaidi mikononi mwa Wakamba, ambao misafara yao iliongozwa na wafanyabiashara wakubwa kama Kivui Mwenda, aliyeuawa mwaka 1851; Waswahili wa pwani nao wakazidi kuingia bara wenyewe, wakipitia nyika ya Taru, Maungu na milima ya Wataita hadi Taveta. Ugumu wa njia hiyo ulikuwa maji. Mpagazi, yaani mchukuzi wa mizigo, alibeba mzigo wa kilo 25 hadi 30 na kutembea siku kadhaa akitegemea ngurunga, ambazo ni mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, na kiongozi asiyejua ni ngurunga ipi iliyokwisha kukauka aliweza kuwaangamiza watu wake wote. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alikuwa nyuma ya kiongozi wa aina hiyo, Bwana Kheri, aliyeizoea njia ya Uchagani kabla Mzungu yeyote hajaifikiria.

Baada ya wamisionari walikuja wakusanyaji wa vielelezo, yaani wanyama na ndege waliouawa, wakachunwa na kukaushwa ili wachunguzwe katika makumbusho ya Ulaya. Karl Klaus von der Decken, mtu mwenye cheo kutoka Ujerumani, alisafiri hadi Kilimanjaro mwaka 1861 na tena mwaka 1862, kisha akauawa Bardera kwenye mto Juba mwaka 1865. Miaka mitatu baadaye mtaalamu wa ndege Jean Cabanis alimpa jina la Decken hondohondo mwenye mdomo mwekundu na wa manjano, ambaye leo ni miongoni mwa ndege wa kwanza kuonekana na mgeni aingiapo Tsavo. Kwezi wawili wa eneo hilohilo wanaitwa kwa majina ya Hildebrandt na Fischer, ambao nao ni Wajerumani wa karne hiyo. Orodha ya ndege wa Tsavo inaweza basi kusomwa kama daftari la wageni waliopita, nalo ni daftari lisilo na jina la Bwana Kheri wala la mpagazi yeyote.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mto Tsavo mwaka 1898, na simba wawili waliowala wafanyakazi wa daraja, hadi J. H. Patterson alipowaua mwezi Desemba mwaka huo, wamekwisha kuandikwa na kuigizwa kiasi kwamba hapana haja ya kuwarudia. Lililo muhimu zaidi ni kwamba reli iliua kazi ya mpagazi wa masafa marefu, ikamfufua kama mtumishi wa mwindaji tajiri. Theodore Roosevelt aliyefika Mombasa mwaka 1909, mara tu baada ya kuacha urais wa Marekani, alihudumiwa na mamia ya wapagazi pamoja na nyapara, askari, wapishi na wabeba bunduki, yaani muundo uleule wa msafara wa pembe, isipokuwa pembe yenyewe sasa ilikwenda makumbusho ya Smithsonian huko Washington pamoja na maelfu ya vielelezo vingine, wakiwemo ndege waliokusanywa na Edgar Mearns. Mwaka huohuo ilianzishwa Nairobi jumuiya ya wapenda elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki, ambayo leo hujulikana kama Nature Kenya, na ambayo itatajwa tena hapa chini.

Kamera haikuipokea bunduki nafasi yake kwa siku moja. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyemwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza katika safari zake za Afrika Mashariki, alilaani desturi ya kuwapiga simba risasi kutoka ndani ya magari na akahimiza upigaji picha. Hata hivyo alipokufa katika ajali ya ndege yake huko Voi mwezi Mei 1931, pamoja na mtumishi wake Kamau, alikuwa anajaribu kutumia ndege hiyo kuwatafutia wawindaji makundi ya ndovu.

Hifadhi ya 1948 ilikuwa na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na kwa ajili ya usimamizi iligawanywa mwaka uliofuata kuwa Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ramani hiyo iliwakuta Wataita, Wakamba, Waoromo na, zaidi ya wote, Wawaata, ambao maisha yao yalitegemea uwindaji wa ndovu kwa upinde mrefu, mgumu kuvutwa kupita pinde nyingi zinazojulikana duniani, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya mti wa msunguti. Mchoro mmoja wa kalamu uliwageuza kutoka wawindaji kuwa majangili. Operesheni ya miaka ya 1956 na 1957, iliyoendeshwa na mhifadhi David Sheldrick na wenzake, iliwakamata mamia na kuvunja uwindaji huo, na wahifadhi wenyewe walikiri kwamba hawakujua watu waliomfahamu ndovu kuliko Wawaata. Kutokana na kukiri huko ulizaliwa mwaka 1960 mpango wa Galana, uliokusudia kuwaruhusu wawinde kwa kiwango maalumu nje ya hifadhi na kuuza nyama na pembe kihalali. Lakini katika muongo huohuo eneo lake likawa ranchi ya ng'ombe, na elimu ya watu hao ikabaki bila mwajiri. Ni vigumu kuliita hilo kosa dogo la utawala.

Ndovu walioachwa bila mwindaji waliongezeka, wakang'oa miti na kubomoa mibuyu, na sehemu kubwa ya kichaka ikawa mbuga ya nyasi. Wataalamu waligawanyika: Richard Laws alitaka idadi ipunguzwe kwa risasi, na Sheldrick alishikilia kwamba maumbile yaachwe yajisawazishe. Ukame wa 1970 na 1971 uliwahi kabla ya mjadala kwisha, ukaua maelfu, hasa majike na ndama. Kisha ujangili wa silaha za kisasa ukamalizia, hata sensa ya 1988 ikakuta ndovu wapatao 5,400 tu katika eneo lililokuwa na zaidi ya 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1960. Sensa ya 2021 ilihesabu karibu 15,000.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977, na tangu hapo safari ya Tsavo ikawa ya gari na kamera. Kilaguni, hoteli ya kwanza kujengwa ndani ya hifadhi ya taifa nchini humo, ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 1962, na magari madogo yenye paa la kuinuliwa yalileta watalii wa fukwe za Mombasa kwa siku mbili au tatu, wakiwa na hamu ya ndovu mwekundu na simba. Mtazamaji wa ndege alionekana mtu wa ajabu: huyu alimsimamisha dereva kwa ajili ya tandawala aliyejificha nyasini, akataka kumtofautisha mbuni wa Kisomali, mwenye shingo ya rangi ya kijivu-buluu, na mbuni wa kawaida mwenye shingo ya waridi, au akamkalia nusu saa kwezi mwenye kifua cha dhahabu. Kitabu cha John Williams cha 1963, kilichoandikwa na msimamizi wa ndege katika makumbusho ya Nairobi, kiliwapa watu hao chombo cha kubeba mkononi, lakini ugunduzi mkubwa wa Tsavo haukutoka kitabuni.

Ulitoka katika taa za hoteli. Ngulia, iliyofunguliwa mwaka 1969 kwenye ukingo wa mlima katika Tsavo Magharibi, iliwekewa taa kali ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Ukungu unaposhuka kati ya Novemba na Januari, hasa usiku usio na mwezi, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanaopita juu gizani hupoteza mwelekeo, huvutwa na mwanga na kushuka kwa maelfu. Tangu mwaka huohuo wa 1969 wataalamu na wanaojitolea, wakiwemo kwa miaka mingi Graeme Backhurst na David Pearson, wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu za nyuzi nyembamba, kuwapima, kuwavisha mguuni pete ya chuma yenye namba, na kuwaachia. Waliovishwa pete sasa ni mamia ya maelfu.

Mmoja wa wanaonaswa kwa wingi ni ndege mdogo wa kahawia wa jamii ya shoro, Acrocephalus palustris, ambaye Ngulia ilisaidia kuonyesha kwamba hukaa kwanza kaskazini-mashariki mwa Afrika, kisha hupita Kenya mwishoni mwa mwaka akielekea kusini mwa bara. Dume la ndege huyu huiga sauti za wengine, na utafiti wa Françoise Dowsett-Lemaire nchini Ubelgiji ulionyesha kwamba kila dume huiga wastani wa spishi 76, nyingi zikiwa za Afrika, hivyo kwamba katika bustani ya Ulaya husikika milio ya ndege wasiofika huko kamwe. Hunaswa Ngulia pia shoro wa Basra, ambaye huzaliana zaidi katika mabwawa ya matete ya kusini mwa Irak, na mabwawa hayo yalipokaushwa kwa makusudi miaka ya 1990 usalama wake haukuweza tena kulindwa na hifadhi ya Kenya peke yake.

Tangu 1996 chama cha waongoza watalii nchini Kenya kimeendesha mitihani ya daraja za shaba, fedha na dhahabu, ambayo humtaka mwongozaji awajue ndege kwa sura na kwa sauti, na hapo mwenyeji amepata kwa mara ya kwanza cheti kinachobeba jina lake. Hilo halijafuta deni, maana zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti ya Taita Taveta ingali ndani ya mipaka ya 1948. Wakati huohuo kazi ya pete inategemea watu walio mbali na Ngulia: asilimia ndogo sana ya pete huonekana tena, na kila moja inayopotea hupotea na safari nzima. Msomaji atakayemwokota ndege mwenye pete, awe Lamu, Mwanza, Muscat au Lubumbashi, aandike namba yote, mahali na tarehe, kisha apeleke taarifa hiyo kwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi au kwa Nature Kenya.